Kusoma kwa Sauti: Vitabu vya Dini na Hadithi za Safari katika Nyumba za Ujiji na Simbo

Katika lugha yetu ya Kiswahili, neno "kusoma" halikuwa tangu mwanzo kazi ya macho peke yake. Watu husoma Kurani, husoma Maulidi, husoma dua, husoma hotuba; na katika hayo yote msomaji hufungua kinywa na wenziwe hutega masikio. Hata mzee asiyejua herufi moja aweza kusema kwamba jana alikuwa kwenye Maulidi iliyosomwa usiku kucha, naye amepata sehemu yake kamili katika kisomo hicho. Twalitaja jambo hili mwanzoni kwa kuwa linatufungulia mlango wa makala haya. Tunakusudia kueleza jinsi vitabu vya dini ya Kikristo na hadithi za safari na mashujaa vilivyoingia katika nyumba za pwani ya Ziwa Tanganyika, kuanzia mji wa Ujiji hadi vijiji vya Waha kama Simbo, na jinsi jamaa walivyovisikiliza pamoja. Tena tunataka kuuliza swali ambalo halijapata jibu la kutosha: katika safari zote zilizosimuliwa juu ya nchi hii, ni ngapi zimesomwa kwa sauti na wenye nchi wenyewe?

Hapana budi tuanze na hali ilivyokuwa kabla ya kitabu cha Mkristo kufika. Katika karne ya 19 Ujiji ulikuwa kituo kikubwa cha misafara itokayo Bagamoyo na Unguja kupitia Tabora. Pembe za ndovu zilipita hapo, na watumwa walipita hapo, wengi wao wakiwa wametolewa ng'ambo ya ziwa, katika nchi ya Manyema. Waarabu, waungwana wa pwani, Wamanyema na Wanyamwezi walikaa hapo pamoja na Wajiji wenyewe, na kwa njia hiyo Kiswahili kilipata kuwa lugha ya mji huo mapema kuliko mahali pengi pa bara. Pamoja na lugha ilikuja dini ya Kiislamu, na pamoja na dini ulikuja msahafu. Mtoto wa chuoni alisoma kwa sauti, na jirani aliyepita njiani alimsikia. Vijijini nako, miongoni mwa Waha, jioni haikupita bila masimulizi. Mzee alisimulia kwa Kiha karibu na moto, na wasikilizaji walimwitikia, kama vile Waswahili wanavyoitikia "hadithi njoo" wanapoitwa na msimulizi. Basi jamaa kukusanyika usiku ili kusikiliza maneno yaliyopangwa vizuri ilikuwa desturi ya nyumbani iliyoota mizizi. Wageni walipokuja na vitabu vyao, walikuta kikao kimekwisha kutandikwa.

Kabla ya vitabu kuja kwetu, sisi wenyewe tulikuwa tumekwisha kutiwa ndani ya vitabu. Mwaka 1871, Henry Morton Stanley alifika Ujiji akamkuta David Livingstone, na habari za mkutano huo zimesimuliwa mara nyingi mno. Lakini katika msafara wa Stanley alikuwamo mvulana mmoja ambaye habari zake zimesimuliwa mara chache. Jina lake la kwanza lilikuwa Ndugu M'hali. Alikuwa mtumwa, na huko Unyanyembe, karibu na Tabora, mfanyabiashara mmoja Mwarabu alimtoa kuwa zawadi kwa Stanley. Stanley akambadili jina, akamwita Kalulu. Mvulana huyo alifika Ujiji pamoja na bwana wake, kisha akachukuliwa hadi Uingereza na kutiwa shuleni. Mwaka 1873 Stanley alitoa kitabu cha hadithi kwa ajili ya vijana kiitwacho My Kalulu, ambamo mtoto huyo amegeuzwa kuwa mwana wa kifalme wa Afrika ya Kati anayeingia katika taabu na hatari nyingi pamoja na rafiki yake, mtoto wa Kiarabu wa Unguja.

Yafaa kukumbuka kwamba katika Uingereza ya siku hizo ilikuwa desturi ya nyumba nyingi kusomeana vitabu jioni, baba au mama akisoma na watoto wakisikiliza. Vitabu vya namna hiyo viliandikwa kwa ajili ya vikao hivyo. Hivyo mtoto aliyepita Ujiji akiwa mtumwa alisomwa sebuleni katika nchi ya mbali, katika lugha ambayo watu wa Ujiji hawakuijua. Yeye mwenyewe hakuishi miaka mingi baada ya hapo. Alirudi Afrika pamoja na Stanley mwaka 1874, na mwaka 1877 alizama katika maporomoko ya mto Kongo. Stanley aliyaita maporomoko hayo kwa jina la Kalulu, lakini hakuna kitabu kilichoandikwa na Kalulu mwenyewe. Huu ndio mwanzo wa mambo tunayoyazungumza, na si mwanzo wa kufurahisha: safari ya mtoto wetu ilikuwa kitabu cha watu wengine kabla watu wake hawajapata kitabu.

Sasa tuangalie vitabu vilivyokuja. Wamisionari wa London Missionary Society walifika Ujiji mwezi wa Agosti 1878. Mmoja wao, Edward Coode Hore, alikuwa baharia, na kwa miaka iliyofuata alilipima na kulizunguka ziwa kwa vyombo ambavyo majina yake yenyewe yalikuwa mahubiri: mashua ya Morning Star, yaani Nyota ya Asubuhi, na baadaye meli ya Good News, yaani Habari Njema. Mapadre Weupe waliotumwa na Kardinali Lavigerie walifika Ujiji mwezi wa Januari 1879. Kwa kuwa Ujiji ulikuwa mji wa Waislamu na wa biashara ya watumwa, mapadre hao walitafuta makao mahali pengine kandokando ya ziwa. Na mwaka 1885 walikabidhiwa kituo cha Karema, upande wa kusini, kilichokuwa kimejengwa na Wabelgiji.

Pamoja na wamisionari ulikuja mtindo mpya wa kuingia dini. Kwa kanuni ya Lavigerie, mtu aliyetaka kubatizwa katika misheni za Mapadre Weupe alipaswa kukaa katika mafundisho kwa miaka minne. Kwa Waprotestanti, kujua kusoma Maandiko kulihesabiwa kuwa karibu sawa na imani yenyewe. Ndiyo maana mahali pengi maneno "kusoma" na "kuingia dini" yalikaribiana hata yakawa kama neno moja. Huko Unguja, Askofu Edward Steere na wenzake walikuwa wamekwisha kufanya kazi kubwa ya kufasiri, na Biblia nzima katika Kiswahili ilitoka mwaka 1891. Kabla ya karne hiyo kwisha kilikuwa kimetoka pia kitabu cha John Bunyan kwa jina la Msafiri. Baada ya miaka mingi, mwaka 1952, ilitoka Biblia ya tafsiri ya Muungano ambayo mpaka leo husomwa katika makanisa mengi ya Waprotestanti.

Twapenda kusimama kidogo juu ya kitabu hicho cha Bunyan, kwa sababu kinaonyesha vizuri jinsi sikio la msikilizaji linavyokifanya kitabu cha mgeni kuwa chake. Bunyan alikuwa fundi wa sufuria na mhubiri huko Uingereza, aliyefungwa gerezani kwa sababu ya mahubiri yake, na kitabu chake kilitoka mwaka 1678. Kinaeleza habari za mtu anayeondoka katika mji wake akiwa na mzigo mzito mgongoni, akapita matope, mabonde na milima, akakutana na majitu na marafiki wa uongo, mpaka akaufikia Mji wa Mbinguni. Kwa msomaji wa Uingereza mzigo ule ni mfano wa dhambi, naye huufahamu kama mfano. Lakini kwa msikilizaji wa njia ya Ujiji na Tabora, mzigo mgongoni haukuwa mfano tu. Baba yake au babu yake alichukua mzigo. Alijua maana ya kulala njiani, kulipa hongo kwa watawala wa nchi anazopita, kuogopa wanyang'anyi, na kuagana na rafiki aliyeshindwa na homa. Aliposikia kwamba mzigo wa msafiri ulifunguka na kuanguka mbele ya msalaba, hakuhitaji mwalimu wa kumweleza faraja iliyomo katika maneno hayo. Kwa hakika hadithi hiyo ilikuwa ya dini na ya safari kwa pamoja, na hivyo ndivyo jamaa walivyopenda hadithi zao ziwe.

Jambo lililoleta vitabu kwa wingi zaidi lilikuwa reli. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Vita vilivyozuka mwaka huo huo viliivuruga nchi, na kuanzia 1916 mpaka 1921 Kigoma na Ujiji vilikuwa chini ya Wabelgiji. Baada ya Waingereza kuchukua utawala, behewa lililoleta chumvi, nguo na barua liliweza kuleta pia kitabu kilichochapwa Tabora, Dar es Salaam au London. Mwaka 1923 serikali ilianzisha gazeti la Mambo Leo, lililotoa habari, mashairi na hadithi. Tena gazeti moja halikusomwa na mtu mmoja. Lilipita mkono kwa mkono, na kila lilipofika lilisomewa watu. Mapadre Weupe nao walikuwa na kiwanda chao cha kupiga chapa huko Kipalapala, Tabora, ambacho kilitoa vitabu vya sala na vya mafundisho, na kuanzia mwaka 1950 gazeti la Kiongozi lilitoka huko Tabora.

Katika miaka hiyohiyo ndipo zilipokuja hadithi za mashujaa. Mwaka 1930 iliundwa Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya nchi za Afrika ya Mashariki, na katibu wake wa kwanza alikuwa Frederick Johnson. Kuanzia miaka ya mwisho ya 1920, Johnson na wenziwe walifasiri hadithi nyingi za Kiingereza kwa ajili ya shule: Kisiwa chenye Hazina cha Robert Louis Stevenson, Mashimo ya Mfalme Sulemani cha Rider Haggard, na safari za Gulliver za Jonathan Swift, kwa kutaja chache tu. Vitabu hivyo viliandikwa kwa Kiswahili kilichosanifiwa, na mwanafunzi aliyekwenda navyo nyumbani alivipeleka kwa watu ambao hawakupata kukaa darasani hata siku moja.

Tuichukue, kwa mfano, nyumba moja ya Simbo. Simbo ni nchi ya Waha, nyuma ya mji wa Kigoma, mahali ambapo michikichi hustawi na watu huishi kwa kulima. Jioni imeingia, chakula kimekwisha, koroboi imewashwa. Aliye na kitabu ni mtoto wa darasa la nne, maana ndiye ajuaye herufi. Baba anasikiliza, bibi anasikiliza, mama anachambua maharage huku anasikiliza. Mtoto asoma Kiswahili cha kitabuni, na neno likiwa gumu baba huligeuza kwa Kiha, na bibi huuliza, "Mbona mtu huyo hakumwamkia mwenye nyumba?" Hapo mtoto hana jibu, na watu wazima hujadiliana wenyewe. Kitabu huwekwa magotini mpaka shauri limalizike, ndipo kisomo kiendelee.

Katika mfano huo mdogo mna mambo matatu yenye uzito katika historia ya utamaduni wetu. La kwanza, mtoto amepewa kazi ya heshima mbele ya wakubwa wake, lakini hakuwaondolea wakubwa heshima yao. Yeye anasoma, wao wanahukumu. La pili, Kiswahili kimeingia ndani ya nyumba ya Mha bila kukifukuza Kiha, kwa sababu kila lugha imepewa kazi yake. La tatu, hadithi ya mgeni haikupokewa bure bure. Ilipimwa kwa adabu ya watu wa mahali hapo. Kitabu cha Stevenson, kilichojaa hila na tamaa ya fedha, kiliweza kusomwa kama onyo, kwa kuwa msikilizaji hakukosa kuona kwamba hazina ile iliua wengi kuliko iliowanufaisha.

Lakini yafaa tuseme kweli yote. Hadithi hizo za mashujaa zilikuwa na kasoro ambayo utamu wake uliificha. Katika Mashimo ya Mfalme Sulemani, Afrika ni mahali pa kutafutia almasi, na wenye kuzitafuta ni Wazungu watatu. Mwafrika aweza kuwa mfalme mwema au mchawi mwovu, lakini macho tunayotazamia ni ya mgeni mwenye bunduki. Mtoto wa Ujiji aliyesoma kitabu hicho kwa sauti alilazimika kusema "mimi" kwa kinywa cha mwindaji wa Kizungu. Hatusemi kwamba asingefaa kukisoma. Twasema kwamba alihitaji kitabu cha pili, ambacho ndani yake "mimi" ni mtu wa kwao.

Vitabu vya namna hiyo vilikuwapo, ila ni vichache, na vingine havikumfikia. Mwaka 1934 James Mbotela alitoa kitabu cha Uhuru wa Watumwa, kinachoeleza jinsi watu walivyokamatwa, wakasafirishwa, wakakombolewa baharini, kisha wakakaa katika kijiji cha Wakristo cha Freretown karibu na Mombasa. Wahakiki wamemlaumu Mbotela kwa kuwasifu mno Waingereza, na lawama hiyo ina haki yake. Hata hivyo, kitabu chake ni cha Mwafrika, kimeandikwa kwa Kiswahili, na huzuni iliyomo ni ya jamaa zake mwenyewe. Katika nyumba ya Ujiji, ambako wajukuu wa waliouza na wajukuu wa waliouzwa wameishi mtaa mmoja, kitabu kama hicho hakisomwi bila watu kunyamaza.

Kadhalika tunayo maisha ya Hamed bin Muhammed, aitwaye Tippu Tip, aliyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili. Yalichapwa kwanza Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20, na yakatolewa tena Afrika ya Mashariki mwaka 1966. Humo mna safari za Tanganyika na Manyema, mna vita na biashara, na lugha yake ni ya msimulizi hodari. Lakini mwenye kusimulia ni tajiri wa pembe na wa watumwa, na ajuaye kumsomea mtoto kitabu hicho hana budi kumsomea pia yale yasiyoandikwa: habari za mtu aliyechukua pembe hiyo begani.

Tena yuko Adrien Atiman. Huyu alizaliwa upande wa Timbuktu, akaibwa utotoni, akauzwa, akakombolewa na Mapadre Weupe huko Algeria. Alisomeshwa uganga wa kisasa katika kisiwa cha Malta, akaletwa Karema mwaka 1889 akiwa mganga na katekista, na huko alitibu watu mpaka alipofariki mwaka 1956. Alivuka jangwa, bahari na nchi kavu, na mwisho wa safari yake hakutafuta almasi, bali alikaa miaka zaidi ya sitini akifunga vidonda vya watu wa ziwa letu. Habari za maisha yake alizozieleza mwenyewe zilichapwa mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records, kwa Kiingereza. Kama kuna hadithi moja iliyofaa kusomwa kwa sauti katika kila nyumba ya pwani hii, ya Mkristo na ya Mwislamu, ni hiyo. Nayo ilitolewa katika jarida la wataalamu, kwa lugha ambayo wagonjwa wake hawakuweza kuisoma.

Baada ya Uhuru, taifa lilielewa vema kwamba utamaduni hauwezi kuachwa mikononi mwa wageni. Mwaka 1962 Mwalimu Julius Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na kampeni ya kufuta ujinga ikafuata nchini kote. Kwa hesabu za serikali, mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikuwa kama asilimia 67. Kufika 1986 walikuwa wamepungua hata kufikia kama asilimia 10. Huo ulikuwa ushindi mkubwa. Bibi wa Simbo aliyekuwa akisomewa na mjukuu aliweza sasa kushika kitabu mwenyewe. Redio nayo ilichukua sehemu ya kazi ya msimulizi, na watoto wa miaka hiyo hawajakisahau kipindi cha Mama na Mwana cha Radio Tanzania.

Lakini kila faida ina gharama yake. Kadiri kusoma kulivyozidi kuwa kazi ya shule na mitihani, ndivyo kulivyozidi kuwa kazi ya mtu mmoja aliyenyamaza. Kitabu kikatoka katika kikao cha jamaa kikaenda katika begi la mwanafunzi. Mtihani ulipokwisha, kitabu kikafungwa. Mwenyewe Mwalimu Nyerere, katika uzee wake, alionyesha njia nyingine. Alizigeuza Injili kuwa tenzi za Kiswahili, zikachapwa mwaka 1996. Tendo hilo lina maana kwetu. Utenzi hutungwa usikike kwa sauti, na kwa kuchagua bahari hiyo ya Waislamu wa pwani kwa ajili ya Maandiko ya Wakristo, alikirudisha kitabu cha dini mahali pake pa zamani, yaani mbele ya watu waliokaa pamoja wakisikiliza.

Basi tufanye nini? Kwanza, habari za maisha ya watu kama Atiman zifasiriwe kwa Kiswahili chepesi, zichapwe kwa bei ambayo mkulima wa michikichi aiweza, na zipelekwe shuleni na nyumbani. Pili, habari za Kalulu zisimuliwe upya na waandishi wetu, wamrudishie mtoto huyo jina lake la Ndugu M'hali. Tatu, wazee wa Ujiji na wa vijiji vya Waha wahojiwe juu ya dhoruba za ziwa, uvuvi wa usiku, njia za chumvi na safari za baba zao, na maneno yao yaandikwe kama walivyoyasema. Nne, walimu wawape watoto kazi ya kuwasomea wazazi wao jioni, ili kitabu kipate tena wahukumu wake.

Tulianza kwa kusema kwamba katika lugha yetu kusoma ni kusikika. Wamisionari walileta vitabu, wafasiri wakaleta hadithi, reli ikaleta magazeti, na jamaa wa nchi hii walivipokea vyote kwa utaratibu wao wenyewe, wakavipima, wakachukua kilichofaa. Kikao hicho kilikuwa chetu tangu mwanzo. Kilichopungua ni hadithi zetu wenyewe ndani yake. Siku mtoto wa Simbo atakapowasomea wazee wake safari ya mtoto mwingine aliyepita Ujiji, kwa lugha wanayoielewa wote, na bibi akamkatiza ili asahihishe jambo alilolisikia kwa mama yake, siku hiyo kitabu kitakuwa kimefika nyumbani.